Kabla ya kupanda mkonge, tafuta korona

Wanaonipigia simu kuulizia mkonge huanza na bei ya miche. Mimi huwauliza kwanza: korona utakayopeleka majani, yaani mtambo wa kuyapiga na kutoa nyuzi, iko wapi? Wengi hunyamaza.

Shamba langu liko Korogwe, ekari tano. Nilichagua mahali pasipotuama maji, nikapanda chotara 11648, ile mbegu inayosifika Tanga nzima, na katikati ya mistari nikaweka maharage ili yanilipie palizi. Mwaka wa tatu nikaita wakataji. Jioni mizigo ilikuwa imepangwa kando ya njia, nami moyo mweupe.

Trekta ya kuibeba haikuja siku hiyo wala kesho yake. Korona imeharibika, nikaambiwa nisubiri. Siku ya tano nilikunja jani moja: limenywea kama ngozi, nyama imeng'ang'ania singa, yaani nyuzi zenyewe. Lilipokuja kupigwa, singa zilitoka na madoa ya kijani, nyingi zimekatika. Daraja likashuka, na bei nayo.

Jani likiwa bado kwenye mmea linakungoja hata miezi. Likishakatwa halingoji: lipigwe siku hiyo hiyo, ikizidi sana kesho yake. Tena ujue unachobeba. Tani moja ya majani hutoa singa kavu kilo 40 hivi, kilichobaki ni maji na makapi. Korona ikiwa mbali, nauli unalipia maji. Wenye mashamba makubwa ya zamani walilijua hilo, ndiyo maana walijenga korona ndani ya shamba na kutandaza reli za toroli hadi kwenye mistari.

Kwa hiyo andikianeni na mwenye korona, mpangiwe zamu, na ukate kiasi cha zamu yako tu. Kila mmea uachie majani yasiyopungua 20. Mwenye tamaa anayekata hadi moyoni mavuno yajayo hupata majani mafupi. Singa zioshe vizuri, uzianike kwenye waya, zisiguse udongo.

Zile zangu zilizokatika, kiwanda cha kamba kilizikataa. Zilichukuliwa na mafundi wa jipsamu, wanaozichanganya kwenye mikanda ya dari isipasuke. Walilipa kidogo, lakini walilipa palepale, na tangu hapo vipande vifupi sivitupi. Navifunga pembeni, navitunza mpaka wapite.