Unayeanza kupima macho, iangalie kwanza lenzi ya ndani

Kabla hujafungua sanduku la lenzi, kumbuka kwamba jicho lililo mbele yako lina lenzi yake. Konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, hufanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kupinda mwanga, lakini haibadiliki. Inayobadilika ni lenzi ya ndani, na ndiyo itakayokusumbua.

Lenzi hiyo imeshikiliwa na nyuzi nyembamba zinazotoka kwenye msuli wa siliari, wenye umbo la pete. Mtu akitazama mbali, msuli hulegea, pete hupanuka, nyuzi hukaza na lenzi huwa bapa. Akitazama karibu, msuli hujikaza, pete hujibana, nyuzi hulegea na lenzi hututumka. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa: msuli ukikaza, nyuzi hulegea. Usisonge mbele kabla hujalielewa hilo.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ya watoto. Mtoto wa miaka 10 anaweza kujiongezea mwenyewe, kwa lenzi yake kututumka, zaidi ya dayopta 10 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi ya kupinda mwanga). Hata kama anahitaji lenzi mbinuko (nene katikati), atakusomea chati ya mita 6 hadi mstari wa chini, msuli ukifanya kazi wakati wote. Utaandika "macho mazuri", naye arudi darasani kichwa kikimuuma. Ukimwekea lenzi mbonyeo (nyembamba katikati) asiyoihitaji, ataisifu pia. Usiamini jibu lake peke yake. Mwite msimamizi, aamue kuhusu matone ya kulegeza msuli. Mama aelezwe mapema kwamba daftari litakuwa na ukungu kwa saa nyingi, pengine hadi kesho, na jua litamchoma mtoto macho.

Kwa watu wazima hadithi ni nyingine. Mshona nyavu wa Dunga mwenye miaka 48 anausogeza uzi mbali ndipo auone. Lenzi yake imekakamaa, haitutumki tena vya kutosha. Usikimbilie kumpa miwani ya kusomea kwa kuhesabu umri tu. Mwambie, "Mzee, shika kazi yako unavyoishika siku zote," kisha pima kwa rula kutoka jichoni hadi mikononi. Sentimita 40 zinadai dayopta 2.5, fundi saa anayefanyia kazi sentimita 25 anadai 4. Jicho lake litachangia kiasi, wewe ongeza kilichopungua. Na kabla hajalipa, avae miwani hiyo atazame nje ya mlango, ajue kwamba ya mbali hayataonekana sawasawa.