Paka aliyeziba mkojo: damu inasema nini kuhusu mchochota

Paka dume anayejikamua bila kutoa hata tone, kibofu kigumu kama jiwe, ni dharura ya potasiamu, inayorundikana kwenye damu na kuhatarisha moyo, kabla hajawa swali la mchochota. Mwekee ECG (mashine ya kufuatilia umeme wa moyo), pima potasiamu, ndipo uanze kuwaza seli nyeupe za damu. Mapigo yakienda polepole kwa paka mwenye hofu na maumivu, usisubiri majibu: kalsiamu glukoneti 10%, mililita 0.5 hadi 1.5 kwa kila kilo, ndani ya mshipa kwa dakika 5 hadi 10, ukitazama ECG muda wote. Dawa hii haishushi potasiamu, inaulinda moyo tu kwa muda mfupi.

Makosa mengi ya wanaoanza hutokea mkononi, kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Jaza kwanza chupa ya seramu au ya heparini, halafu ndiyo ile ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu kuganda) yenye kifuniko cha zambarau. EDTA ya chupa hizo ni chumvi ya potasiamu. Ukianza nayo, kisha ncha ya sirinji ikaingia chupa ya pili, potasiamu itapanda na kalsiamu itaanguka. Ubaya ni kwamba paka aliyeziba kweli naye huwa hivyohivyo, kwa hiyo jibu la uongo linaaminika kirahisi. Namba ikitisha huku ECG imetulia, chota upya. Na uchote kabla ya maji ya mshipa na kabla ya steroidi yoyote. Steroidi peke yake hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti, aina mbili za seli nyeupe.

Sasa uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti, unaotumika kama dalili ya mchochota. Gawanya idadi halisi, si lazima asilimia: nyutrofili 15 na limfosaiti 1 (×10⁹ kwa lita) ni uwiano wa 15, paka mtulivu mwenye 6 na 3 ana 2. Uzuri wake ni kwamba maji ya mshipa yanayopunguza uzito wa damu hayaugusi sana, maana seli zote mbili hupungua pamoja. Udhaifu wake ni homoni. Kotizoli (homoni ya msongo) ya maumivu ya siku nzima huangusha limfosaiti na kuupandisha uwiano bila bakteria yoyote. Adrenalini ya paka aliyepigana wakati wa kuchotwa damu hupandisha seli zote mbili, na uwiano ukaonekana mzuri kuliko hali yake.

Ndiyo maana slaidi ya damu haikwepeki. Tafuta nyutrofili changa zenye kiini cha umbo la U, na saitoplazimu (ute unaozunguka kiini) iliyogeuka bluu yenye mapovu. Kotizoli peke yake haileti mabadiliko hayo. Miili michache ya Döhle (madoa madogo ndani ya saitoplazimu) kwa paka isikushtue. Kisha peleka hadubini kwenye ukingo mwembamba wa slaidi, uone kama chembe sahani (zile za kugandisha damu) zimegandana. Kwa paka hugandana mno, na baadhi ya mashine huhesabu mafungu hayo kuwa seli nyeupe.

Kwa protini za mchochota, yaani zile zinazopanda kwenye damu mwili ukiwa na mchochota, achana na ile iitwayo CRP. Kwa paka haina msaada. Omba nyingine, SAA. Huanza kupanda ndani ya saa chache na kufika kilele baada ya siku 1 hadi 2, kwa hiyo aliyeziba asubuhi hii anaweza kuwa na SAA ya kawaida kabisa. AGP, protini ya tatu, hupanda taratibu zaidi na hukawia kushuka. Kipimo kimoja cha SAA hakina maana kubwa. Rudia baada ya saa 24 na baada ya saa 48, kwa mashine ileile. Ya saa 24 ikipanda, kumbuka katheta (bomba la kutolea mkojo) nayo imekwaruza njia ya mkojo.

Hapa ndipo antibayotiki hutolewa ovyo. Paka wengi, hasa vijana, huziba kwa plagi (kizibo laini kwenye njia ya mkojo), mawe au sistaitisi (mchochota wa kibofu) isiyo na chanzo kinachojulikana, na mkojo wa siku ya kwanza hauna bakteria. SAA kubwa haikupi ruhusa ya dawa, wala katheta kuwemo tu haikupi. Chukua mkojo safi wa kwanza, utazame masalio yake chini ya hadubini, na uuoteshe maabara kuona kama una bakteria. Homa ikija siku ya pili au ya tatu huku nyutrofili changa zikiongezeka, otesha tena mkojo mpya, lakini usiuchukue kwenye mfuko wa kukusanyia: bakteria humo huota hata kama kibofu ni safi.

Kwenye fomu ya maabara andika saa aliyoonekana kukojoa mara ya mwisho, saa ya kuchota damu, na dawa alizokwisha kupewa.