Raba za giaboksi ya ndege: ya kujua kabla hujashika spana

Kijana unayetoka gereji za magari pale Tabora mjini na kuingia kwenye ndege una faida moja: raba ya injini, ule mpira unaoibeba na kumeza mtetemo, unaijua. Una pia tabia moja ya kuiacha getini, ile ya kuitikisa injini kwa nondo, kutazama kidogo, halafu kusema "hii bado inadai". Raba ya ndege hupimwa kwa namba, na uharibifu wake mara nyingi hujionyesha mahali pengine kabisa.

Chukua Dash 8-400, ndege ambayo Air Tanzania huileta Tabora na Kigoma. Kati ya injini ya tabo na propela kuna giaboksi ya kupunguza mwendo. Kwenye nguvu ya kurukia, propela huzunguka mara 1020 kwa dakika, yaani mara 17 kwa sekunde. Ina mapanga sita. Kwa hiyo propela ikikosa mizani mtetemo wake ni wa mara 17 kwa sekunde, na upepo wa mapanga unaupiga mwili wa ndege mara 102.

Raba nayo, ikishabebeshwa mzigo, ina mwendo wake yenyewe wa kuchezacheza. Kuukadiria ni rahisi: gawanya 15.8 kwa kipeuo cha pili cha milimita ambazo raba imeshuka kwa uzito. Ikishuka milimita 1, hucheza karibu mara 16 kwa sekunde. Ikishuka 4, karibu mara 8. Raba huanza kuzuia mtetemo pale tu mtetemo unapouzidi mwendo wake zaidi ya mara 1.4. Chini ya hapo haizuii kitu, na miendo yote miwili ikikaribiana raba inauzidisha mtetemo. Kwa mapigo 17, basi, unahitaji raba inayocheza chini ya mara 12, ambayo ni kushuka milimita 1.7 au zaidi. Raba inapotikiswa huwa ngumu kuliko inapobeba tu, kwa hiyo hesabu hii ni ya kufikiria, si ya kuandika kwenye kadi ya kazi.

Ukiielewa hiyo, utaona kwa nini raba huzeeka kwa njia mbili zinazopingana. Joto na jua huikakamaza. Hiyo ikitazamwa inaonekana imara, kumbe mwendo wake umepanda na kusogelea ule wa propela. Utaona mabano yakipata nyufa na mabomba ya ekzosi yakikatika, na fundi anabadilisha bomba la tatu bila kugusa raba. Oili nayo huivimbisha na kuilainisha. Giaboksi inainama, pua ya propela inashuka chini ya ukingo wa kava ya injini, mwisho chuma kinagonga chuma. Kwa hiyo ukikuta raba imelowa oili, tafuta kwanza oili inatoka wapi. Ukiweka mpya juu ya sili inayovuja umetupa pesa.

Vinyufa vidogo vya juu juu visikutishe kabla ya kusoma kiwango cha kitabu cha matengenezo. Cha kutisha ni pale raba inapobanduka kwenye chuma ilikogandishwa. Mulika tochi kwa ubavu, sukuma taratibu kwa kijiti cha plastiki ukizunguka ukingo wote. Bisibisi itaichana.

Kwenye raba za aina ya sandwichi, vipande viwili na bolti katikati, kubadilisha kuna mtego mmoja mkubwa: kile kibomba cha chuma kilicho ndani. Nati haibani raba; inabana washa juu ya kibomba, na torki (nguvu ya kukazia) unayoisoma ni ya chuma kwa chuma. Kibomba kikiwa kifupi, raba inapondwa. Kikiwa kirefu, inabaki inacheza na spana ya torki inakuambia kazi imekamilika. Kipime kwa venia kila mara. Usiamini sura ya raba pia: laini na ngumu hufanana kabisa, tofauti ni namba ya kipuri tu, na ya juu na ya chini zinaweza kuwa tofauti.

Kabla ya kulegeza chochote, weka stendi mkiani kama kitabu kinavyotaka, kisha winchi ibebe uzito hadi bolti izunguke kwa mkono. Bolti inayodai nyundo inakuambia mzigo bado uko juu yake. Badilisha seti nzima, moja baada ya nyingine. Usipake grisi. Zungusha nati, shikilia bolti, weka pini mpya.

Halafu rudisha waya mpana wa ethi unaoruka raba. Raba haipitishi umeme, na waya huo ukisahaulika, mkondo wa stata utatafuta njia kwenye kebo za kuongozea nguvu ya injini na mabomba ya mpira yenye nyavu za chuma, na kuviunguza.

Giaboksi ndogo inayoendesha vifaa kama pampu na jenereta kwenye injini za jeti ni habari nyingine kidogo. Sehemu moja hushikwa kabisa, nyingine zina viungo vya tufe la chuma ili injini ikipata joto na kutanuka isiikunje. Pini isipoingia, usiigonge. Kuna kitu hakijakaa sawa.

Raba mpya zihifadhi gizani, mbali na mota za umeme maana ozoni, gesi inayotokana na cheche zake, huzila. Stoo ya bati ya Tabora mwezi wa Oktoba haifai. Soma tarehe ya kutengenezwa kabla ya kusaini kupokea.

Ukishashusha uzito, pima nafasi kati ya pua ya propela na kava sehemu nne: juu, chini, kushoto, kulia. Washa injini, zima, iache ipoe, pima tena. Raba mpya hukaa chini kidogo saa za mwanzo, kwa hiyo rudia kipimo kwenye ukaguzi unaofuata na uandike zote pamoja na joto la siku hiyo.