Visima vya ngazi vya Gujarat: panga safari kwa kufuata jua

Madereva wa Ahmedabad, jiji kubwa la jimbo la Gujarat magharibi mwa India, hupenda kuuza ziara ya siku moja: Adalaj asubuhi, Modhera mchana, Patan jioni. Kwenye ramani njia hiyo imenyooka, ila kwa macho ni hasara. Kisima cha ngazi, ambacho Wagujarati hukiita vav, kiko chini ya ardhi, na bila jua kukipiga pembe inayofaa utaona giza, popo na nguzo nyeusi. Igeuze ratiba, tena uigawe siku mbili.

Kwanza elewa kwa nini vilichimbwa. Mvua ya Gujarat karibu yote huletwa na upepo wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba. Baada ya hapo ni miezi minane ya ukavu, na maji ya ardhini huzidi kushuka. Kisima cha kamba kingetosha kuteka, lakini mafundi wa huko walichimba korongo refu lenye ngazi, ili mtu ayafuate maji kila yanaposhuka: Oktoba anateka karibu na juu, Mei anashuka hadi chini kabisa. Mwisho wa korongo kuna birika, na nyuma ya birika ndipo lilipo shimo lenyewe la kisima. Zile baraza za nguzo zinazokatiza ngazi ghorofa kwa ghorofa si pambo tu. Udongo wa pande mbili unasukuma kuta ziangukie ndani, na nguzo na mihimili ndiyo inayozitenganisha. Kivuli chake, pamoja na maji, hupoza hewa. Ndiyo maana wasafiri walipumzika humo, na wanawake waliokuja na mitungi walikaa kuzungumza. Kuteka maji ilikuwa kazi yao, na si ajabu kwamba visima vitatu tunavyovitaja hapa vyote vinahusishwa na wanawake.

Siku ya kwanza ni ya Patan, kilomita kama 125 kutoka Ahmedabad. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi ufike Rani ki Vav kabla ya saa nne. Mlango wake unatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi hushuka ngazi pamoja nawe hadi kwenye kisima kilicho upande wa magharibi. Kilijengwa karne ya 11 na Malkia Udayamati, mke wa Mfalme Bhima wa Kwanza. Kina urefu wa mita 64, upana wa mita 20 na kina cha mita 27, na kimegawanywa ngazi saba za sanamu. Mto Saraswati ulikifukia kwa tope, na tope hilohilo ndilo lililozihifadhi sanamu mpaka Idara ya Mambo ya Kale ya India ilipokifukua. UNESCO ilikiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014. Kama mfukoni una noti ya rupia 100 ya zambarau, igeuze, utakikuta nyuma yake.

Msishuke mbio. Simama kila kidato kipana utazame ukuta wa kulia, yaani wa kaskazini: wakati wa baridi jua liko kusini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini ndio unaong'aa na wa kusini unabaki kivulini. Mtafute Vishnu, mungu wa Wahindu, katika maumbo yake mbalimbali, nguruwe mwitu akiwa mmojawapo, na mabinti wanaojipamba kwa vioo. Sehemu ya chini kabisa, karibu na shimo, huwa imefungwa kwa usalama. Usimsumbue mlinzi kwa bakshishi.

Ukirudi, pitia Modhera, kama kilomita 35 kutoka Patan. Hekalu la Jua ni la enzi ya Bhima huyohuyo, kuanzia mwaka 1026 hivi, kwa hiyo siku moja umeona kazi ya mume na ya mke. Uzuri wake mkubwa, kwa maoni yetu, si hekalu bali birika lililo mbele yake, lenye vihekalu vidogo 108 juu ya vidato. Alasiri inalifaa sana.

Siku ya pili ni ya Adalaj, kilomita chache kaskazini mwa Ahmedabad. Hiki kimelala kusini-kaskazini, kina ghorofa tano na ngazi tatu zinazokutana kwenye ukumbi mmoja. Nenda kati ya saa tano na saa saba mchana, jua likiwa juu. Ukifika jioni utapata baridi nzuri na picha mbovu. Viongozi wa watalii watakusimulia kwamba Sultani Mahmud Begada, mtawala wa Gujarat, alitaka kumwoa malkia mjane Rudabai, naye akakubali kwa sharti la kisima kumalizwa, kisha akajitosa. Isikilize kama ngano. Linaloonekana wazi ni michongo: tembo na miungu ya Kihindu vimekaa ubavuni mwa maua na maumbo ya jometri ya mafundi wa Kiislamu.

Muda ukiruhusu, malizia mtaa wa Asarwa, ndani ya Ahmedabad. Kisima cha Bai Harir ni cha wakati uleule, kina maandishi ya Kiarabu na ya Kisanskriti, na watu ni wachache. Shika tochi.

Mambo yanayowaharibia wengi safari: viatu vyenye soli laini, kwa maana mawe yamesuguliwa na miguu ya karne nyingi na baada ya mvua huota ukungu. Kingo za juu mara nyingi hazina uzio, basi mtoto ashikwe mkono. Tiketi ya mgeni ni zaidi ya mara kumi ya ile ya raia, na kubishana dirishani hakusaidii. Palipo na taa ya mafuta, kitambaa chekundu au maua mabichi, watu bado wanaabudu: vua viatu, usiketi ukinyooshea miguu sanamu, na zunguka mahali hapo ukipaacha mkono wako wa kulia. Kwenye mahekalu ya Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote, mkanda na pochi ya ngozi vibaki nje. Njoo Novemba hadi Februari. Mei jua la Gujarat halina huruma. Pombe imepigwa marufuku katika jimbo hilo, usibebe bila kibali.

Patan pia ndiyo nyumbani kwa patola, hariri ambayo nyuzi zake za wima na za mlalo zote hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, kazi ya miezi mingi kwa sari moja. Sokoni utauziwa ya Rajkot kwa jina hilohilo, ambayo kwa kawaida hutiwa nakshi nyuzi za mlalo tu. Tazama matamvua: uzi wa wima ukiwa wa rangi moja tupu tangu mwanzo hadi mwisho, hiyo siyo ya Patan, na bei ishuke.