Kirk na saksafoni tatu mdomoni: si ujanja wa studio

Ndugu, umeuliza kama zile saksafoni 3 za Rahsaan Roland Kirk, mwanamuziki wa jazi wa Marekani, zilirekodiwa moja moja kisha zikaunganishwa. Hapana, alizipuliza kwa pamoja jukwaani, watu wakitazama. Tenori, manzello na stritch (zote aina za saksafoni) zilining'inia shingoni, na vitufe alivirekebisha ili mkono mmoja uweze kuhudumia ala nzima. Ndiyo maana unasikia zaidi akodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) fupi fupi za kujibizana, si melodi tatu huru: vidole ni kumi tu.

Kinachowashinda wengi wanaotaka kumwiga ni pumzi yake isiyokatika. Unajaza mashavu hewa, unaisukuma nje kwa misuli ya mashavu huku ukivuta nyingine puani. Anza na mrija kwenye glasi ya maji, mapovu yasikatike. Ukihamia kwenye saksafoni, sauti itayumba kila unapovuta, kwa kuwa mashavu yana msukumo mdogo kuliko mapafu. Usijaze mashavu kupita kiasi, midomo italegea.

Wanaomwita mwanasarakasi (kosa la zamani hilo) wasikilize rekodi zake za 1961 na mpiga besi wa jazi Charles Mingus. Kiharusi cha 1975 kilimpooza upande mmoja. Akairekebisha tenori, akaendelea kupiga kwa mkono mmoja hadi alipofariki Desemba 1977, akiwa na miaka 42.