Mgeni njoo, mwenyeji augue?

Toleo lililopita niligusia barakoa kwa mistari miwili tu, nikapita kwenda kwenye presha. Nilidhani mambo ya korona yamekwisha midomoni mwa watu. Kumbe barua za barakoa zimezishinda za presha na kisukari zikijumlishwa. Nimechagua tatu. Ya kwanza ni ndefu, nami nimeijibu kwa urefu wake.

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Machi 2020 nilikuwa mwanafunzi katika nchi moja ya Asia. Siku moja nilipanda treni ya mjini, barakoa usoni kama abiria wengine. Viti viwili mbele yangu alikaa mgeni mwenzangu, mzungu wa makamo, barakoa ameining'iniza kwenye sikio moja kama hereni, anaongea na simu kwa sauti. Bibi mmoja akamwonyesha kwa ishara aivae. Akacheka, akasema kwa Kiingereza kwamba mtu mwenye afya yake hahitaji kitu hicho. Behewa zima likanyamaza. Kituo kilichofuata watu wakaanza kuhama viti. Walimhama yeye, na mimi pia wakanihama. Kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu hadi mwisho wa safari, na watu wamesimama. Kaka yangu ananiambia hadi leo kwamba ilikuwa juu yangu kumwambia yule mtu, maana ugenini wageni wote huhesabiwa kichwa kimoja. Mimi nasema kila mtu abebe mzigo wake. Nani kati yetu yuko sawa? Na wageni wa namna ya yule bwana waligoma kuvaa kwa nini, ilhali barakoa wanazo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu linanigusa mimi na kazi yangu.

Yule bwana hakuwa kichaa. Alichosema Machi 2020 ndicho alichoambiwa kwao, tena na wakubwa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema barakoa ni ya mgonjwa na anayemhudumia. Mwenye afya haimhusu. Marekani waligeuza kauli tarehe 3 Aprili, Shirika lenyewe tarehe 5 Juni. Sababu zilikuwepo. Barakoa zilikuwa zinagombaniwa, tukaogopa wahudumu wasije wakakosa, na wengi wetu tulikuwa hatujaamini kwamba mtu asiye na homa wala kikohozi anaweza kuwa anagawa virusi. Nasema "tukaogopa" kwa kuwa nami nilikuwemo. Nilibandika kwa mkono wangu tangazo kwenye mlango wa wodi ya nje: kama huumwi usivae barakoa, waachie wahudumu. Baadaye nikalibandua, nikabandika jingine: bila barakoa huingii. Selotepu ya lile la kwanza haikutoka vizuri, ikaacha pembe nne za karatasi mlangoni, na kila mgonjwa mkorofi alizinyooshea kidole.

Halafu kuna kitambaa chenyewe na maana yake. Huko ulikokuwa, mwenye mafua huziba pua na mdomo asimwambukize jirani. Ni adabu tu, kama kukohoa pembeni. Ulaya, aliyeziba uso barabarani watu humdhania ama mgonjwa mahututi ama mwizi. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2010 ya kukataza kufunika uso hadharani. Miaka kumi baadaye ikawa inawatoza faini wasioufunika. Hong Kong hawakungoja hata mwaka: Oktoba 2019 serikali ilipiga marufuku barakoa kwa sababu ya maandamano, Julai 2020 ikazilazimisha kwenye mabasi na treni. Sasa mtu ametoka kwenye adabu moja akatua kwenye nyingine kwa safari moja ya ndege. Bibi alimwambia "tustahi". Yeye alisikia "wewe mgonjwa". Ndiyo maana akacheka.

Ila usimwonee huruma kupita kiasi. Kuna namna nyingine ya kugoma, na hiyo haitokani na kukosa habari.

Mwishoni mwa mwaka 1910 tauni ya mapafu ilizuka Manchuria, kaskazini mashariki mwa China. Ile haikungoja viroboto kama tauni ya kawaida. Ilikwenda kwa pumzi na kikohozi, na karibu kila aliyeipata alikufa. Iliua watu wapatao 60,000. Daktari kijana aliyetumwa Harbin, mji wa huko, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang (Malaysia ya leo) aliyesoma Cambridge, Uingereza, akasema ugonjwa unapita hewani na kila anayeingia kwa wagonjwa avae barakoa ya shashi na pamba. Akaja daktari Mfaransa, Gérald Mesny, mkubwa kwake kwa umri na uzoefu. Aliona ni dharau kufundishwa kazi na kijana wa Kichina. Akaingia wodini uso mtupu, akawapima wagonjwa. Siku chache baadaye, Januari 1911, akafa kwa tauni ile ile. Baada ya hapo barakoa zilizagaa Harbin.

Nilipokuwa nikiwasimulia wauguzi wapya kisa hicho, sikuwa nakazia kifo. Mesny hakuwa mjinga. Alikuwa daktari na mwalimu wa madaktari. Kilichomziba masikio si maneno yaliyosemwa, ni mdomo ulioyasema. Bibi wa treni, na asiyejua Kiingereza, alikuwa na nafasi gani kwa mtu wa namna hiyo?

Sasa wewe na kaka yako. Kaka anasema kweli kuhusu walimwengu. Februari 2020 waziri wa afya wa Thailand, Anutin Charnvirakul, alikuwa akigawa barakoa kwenye kituo cha treni Bangkok. Baadhi ya wazungu wakazikataa, naye mbele ya kamera akasema watu wa aina hiyo wafukuzwe nchini. Baadaye aliomba radhi. Waliokataa walikuwa wachache, neno likawapata wote wenye sura ile. Na Aprili mwaka huo huo, mjini Guangzhou, China, Waafrika walitolewa kwenye nyumba walizopanga na kukataliwa hotelini, wakiwemo ambao hawakuwa wamesafiri popote, hadi mabalozi wa Afrika walioko Beijing wakaandika barua ya malalamiko. Huko barakoa haikuwa hata sehemu ya ugomvi.

Lakini walimwengu kuhesabu hivyo hakukupi wewe unyapara wa wageni wenzako. Kitazame tena kile kiti kitupu. Barakoa yako ilikuwa usoni, waya umebana puani, wala haikuhesabiwa. Basi abiria wale hawakuwa wanatazama barakoa. Na kama hawakuwa wanaitazama, ungemkemea yule bwana mpaka sauti ikauke na kiti kingebaki kitupu vile vile. Hapo ndipo ninapomkatalia kaka yako.

Ningekuwa mimi? Ningetoa barakoa mpya mkobani nikampa, bila neno. Si kwa ajili ya kulinda sifa ya wageni. Kwa ajili ya yule bibi, ambaye alikuwa kwenye umri ambao ugonjwa ule uliupenda zaidi. Pengine angeikataa kama wale wa Bangkok, nawe ungerudi kwenye kiti chako. Lugha yetu ina neno moja tu, mgeni, kwa yule unayemkaribisha na kwa yule usiyejua atokako, na tukazoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka ule dunia nzima iliisoma methali hiyo kinyumenyume, nasi tukiwemo.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa kiume, nilikuwa mapokezi katika hoteli moja wakati wa korona. Meneja alitupa amri mbili. Mwenyeji asiye na barakoa arudishwe getini, hata kama ni mteja wetu wa siku zote. Mgeni kutoka nje apewe tabasamu, asibughudhiwe, ametoka mbali. Nikawa nasimama nyuma ya kaunta, barakoa yangu imelowa jasho tangu asubuhi, nawakabidhi funguo watu wanaonipumulia usoni wakiuliza neno la siri la intaneti. Baadaye niliugua, mama yangu naye akaugua. Tulipona. Kazi hii bado naifanya, lakini mgeni akinijibu vibaya hata kwa jambo dogo, nahisi joto linapanda kifuani. Nimekuwa mtu wa kuchukia wageni?

JIBU: Marahaba. Hapana, hujawa. Hasira yako inabisha hodi mlango usio wake. Aliyetoa amri mbili kwa ugonjwa mmoja hakuja na ndege. Ni mtu wa hapo hapo, anayekujua kwa jina, na alijua mama yako yuko nyumbani.

Kuhusu nani alikuambukiza, acha kumtafuta. Dalili zilikuja kati ya siku 2 na 14 baada ya kuambukizwa, na katika siku hizo ulipumuliwa na wageni, wenyeji, meneja na kondakta.

Watu wengi hufanya kile ambacho mlango unawaruhusu. Bali, Indonesia, mwaka 2021, wageni wawili waliokuwa wakirekodi video walifika kwenye duka kubwa, mmoja wao hana barakoa. Mlinzi akamrudisha. Wakaenda kando, wakamchora barakoa ya bluu usoni kwa rangi, akapita mlangoni bila kushtukiwa, vicheko juu. Video ilisambaa, wakafukuzwa nchini. Kila mtu anakumbuka ile rangi. Mimi humkumbuka yule mlinzi, aliyemwambia hapana mteja mwenye pesa zake. Kazi ile ile ulikuwa unaiweza, ulinyimwa. Singapore nao, mwaka huo huo, walimfunga Mwingereza mmoja wiki sita, kwa kukaa kwenye treni bila barakoa na kwa jeuri aliyowafanyia polisi.

Na ukidhani ugeni ndio unaozaa jeuri, wakumbuke watu wa San Francisco, Marekani. Mwaka 1918, mafua makubwa yakiwa yanaua, mji uliamuru barakoa. Januari 1919 wakazi wenyewe wakaunda Ligi ya Kupinga Barakoa. Hawakuwa na haja ya kuvuka mpaka wowote.

Nikuambie na la kwangu, nisije nikaonekana nahukumu kutoka juu. Nilikuwa mlangoni na kipimajoto. Kijana wa kigeni akafika mbele yangu, akashusha barakoa hadi kidevuni. Nikamwambia aipandishe. Akanitazama tu. Nikarudia kwa Kiingereza, mara ya tatu nikakemea, na foleni nzima inafurahia, maana siku hiyo tumempata wetu. Akainyooshea kidole barakoa yangu, akafanya ishara niishushe. Nikasema moyoni, dharau gani hii. Akatoa simu, akaandika, akanigeuzia kioo: mimi ni kiziwi, nasoma midomo, wako siuoni. Alikuwa ameshusha yake ili anionyeshe kwa midomo hilo neno moja.

Nilirudi nyuma hatua tatu, nikashusha barakoa, nikasema samahani taratibu ili aione. Foleni ikanyamaza. Nilipoinua macho kumwita anayefuata ndipo nikawaona wazee wawili, watu wetu wa mtaa ule ule, pua zao nje kama vifuniko vya birika. Walikuwa wamesimama hivyo tangu mwanzo. Nilikuwa nimewatazama mara kadhaa.

Kwa hiyo mgeni akikujibu vibaya kesho, mjibu kwa hilo la kesho. La zamani lipeleke kwenye kikao cha wafanyakazi, kama meneja yule bado yupo: muulize, ukija ugonjwa mwingine, amri itakuwa moja au mbili? Uliza mbele ya watu, kwa adabu, usubiri jibu.

SWALI: Mke wangu anasema upande wa bluu wa barakoa unakaa ndani, mimi nasema nje. Tumebishana tangu mwaka 2020. Nimeambatanisha picha yetu ya wakati huo, kila mmoja kaivaa anavyoamini. Nani mshindi?

JIBU: Wewe, mzee wangu. Bluu nje: tabaka hilo limetengenezwa lisipitishe matone, jeupe la ndani linanyonya unyevu wa pumzi, la katikati ndilo linalochuja. Ila nimeitazama picha kwa miwani. Pua ya mama iko ndani. Yako iko nje yote, na waya umeupinda kidevuni. Ushindi nauhamishia kwake.