Mlingoti haujapinda mzee, na huo msasa weka chini

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nilistaafu ualimu mwaka jana, niko Buruburu na sasa nina muda. Marehemu baba alifanya kazi bandarini Mombasa na alituachia jahazi dogo la mbao, kama sentimita 80 hivi, lilichongwa na rafiki yake wa Lamu miaka ya sitini. Limekaa juu ya kabati miaka yote, limejaa vumbi na moshi. Tanga limekuwa la kahawia na limepasuka, kamba zingine zimekatika, mbao za ubavuni zimeachana kidogo. Mlingoti umepinda umelalia mbele, na ule mti wa kushika tanga naona ulivunjika zamani ukafungwa kwa uzi. Fundi fanicha wa hapa karibu anasema tupige msasa lote, tuzibe nyufa kwa filla, tunyooshe mlingoti kisha koti mbili za vanishi. Mimi nataka nifanye mwenyewe nipate shughuli. Nianze na msasa namba gani, na vanishi gani haigeuki njano?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo, na hongera kwa kumaliza kazi salama. Msasa namba hakuna, usinunue. Vanishi pia hakuna. Nikisema hivyo watu hununa kwa sababu walishakuja na pesa ya vanishi mfukoni, lakini nisikilize, maana swali kama lako nalipata kila mara, leo ni jahazi, juzi ilikuwa kiti cha enzi cha Lamu, kabla yake kigoda cha shosho wa mtu, na wote wanauliza vanishi gani, hakuna hata mmoja anauliza kama vanishi yenyewe inahitajika.

Tuanze na mlingoti. Haujapinda. Mlingoti wa jahazi hulalia mbele, kuelekea omo, yaani pua ya chombo, ndivyo unavyosimikwa. Ule mti wa kushika tanga unaitwa foromali, ni mrefu na mzito, na upepo ukihamia upande wa pili mabaharia huuzungusha mbele ya mlingoti pamoja na tanga lake, kwa hivyo mlingoti ukilalia mbele unawapa nafasi ya kufanya hivyo. Ukiunyoosha utabaki na meli ya kwenye kadi ya Krismasi.

Na foromali yako haikuvunjika. Foromali ya kweli mara nyingi ni miti miwili au zaidi imeunganishwa ikafungwa kwa kamba, kwa sababu mti mmoja wenye urefu huo na ulionyooka vizuri si rahisi kuupata. Sasa fikiria, rafiki ya baba alikuwa anachonga kitu cha kuweka mezani, kijiti kimoja cha urefu huo angekipata popote, lakini akachukua viwili, akavichonga ncha zilale pamoja, akazungusha uzi. Chukua miwani yako ya kusomea uangalie hapo kwenye uzi, nakuhakikishia mizunguko imebanana na mwisho wa uzi umefichwa chini ya mizunguko yenyewe. Hiyo si kazi ya mtu aliyekuwa anarekebisha kitu kilichovunjika haraka haraka. Fundi wako ameangalia sehemu nzuri kuliko zote kwenye hilo jahazi akaona kasoro, na ndio maana mimi damu huchemka.

Simdharau fundi fanicha. Mwambie akutengenezee kitanda, utalala vizuri. Ila yeye kazi yake ni kufanya kitu kionekane kipya, na kitu cha zamani kikionekana kipya basi kimekwisha. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea mashua ndogo, urithi wa kwao, ilikuwa imepigwa msasa mpaka nyeupe kama mwiko wa juzi halafu ikamwagiwa vanishi inang'aa unaweza kujikagua meno. Alikuwa na picha yake ya zamani, na nyuma kwenye shetri ulikuwa unaona kuna maandishi ya Kiarabu, jina la chombo, lakini picha ni ndogo huwezi kusoma. Tulizima taa, tukamulika tochi kutoka ubavuni, ile mwanga unalala juu ya mbao unaonyesha hata mkwaruzo. Zilibaki nukta mbili. Nukta mbili tu zilizobonyea, herufi zenyewe zilienda na vumbi la msasa. Aliniuliza kama naweza kurudisha jina, nikamwambia naweza kuandika jina lolote atakalo, akanyamaza.

Kuna jambo lingine kuhusu msasa na hili sio la urembo. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi ndani yake, risasi ile ya madini, hasa nyekundu na nyeupe na njano, na za miaka ya sitini siwezi kuziamini hata kidogo. Ukizisugua kavu kwenye veranda hapo Buruburu unapata unga mwembamba wa sumu unaoingia kwa mapafu, kwa nguo, kwa sakafu, na mjukuu anatambaa hapo hapo. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto na hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Mtu akikwambia piga msasa bila kuuliza rangi ni ya mwaka gani, huyo msikilize kwa sikio moja.

Nyufa za ubavuni. Hapa ndipo filla inaharibu vitu vya watu. Jahazi lilichongwa Lamu, hewa ina unyevu wa bahari mwaka mzima, kisha likaletwa Nairobi zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari ambapo hewa ni kavu, Januari na Februari hata midomo inapasuka. Mbao hupoteza maji ikasinyaa, na husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haisogei kabisa. Kwa hivyo mbao za ubavuni zinaachana, ni lazima. Sasa wewe mwezi wa pili unajaza filla ngumu kama jiwe kwenye huo ufa, kisha mvua ya masika inaanza, mbao inavuta unyevu inataka kurudi pahali pake, inakuta nafasi imechukuliwa. Unadhani nini kitaacha njia? Filla haisongi, kwa hivyo mbao inang'oka kwa misumari au inapasuka mahali pengine ambapo hapakuwa na ufa. Ufa wa milimita moja uache kama ulivyo. Kama kuna ubao umeachia kabisa unaning'inia, huo ndio wa gundi.

Na gundi yenyewe isiwe supagluu! Najua inauzwa kila duka na inashika sekunde kumi. Inashika, halafu inakuwa ngumu na ya kukatika, inaacha ukungu mweupe kwenye rangi, na siku ukitaka kuitoa unahitaji asetoni ambayo itakula na rangi yote hapo karibu. Araldite nayo ndio kabisa, hiyo ukiweka umefunga ndoa. Sheria yetu kwenye hii kazi ni moja, chochote unachoweka leo mtu mwingine aweze kukitoa kesho bila kuumiza cha asili. Mafundi wa zamani walikuwa na gundi ya ngozi ya wanyama ya kuchemsha, na hiyo ukiipasha tena na maji moto inaachia. Ukiikosa mjini nunua jelatini ya kupikia supamaketi, ile isiyo na sukari wala ladha, ni ukoo mmoja. Iloweke kwa maji baridi ivimbe, kisha weka bakuli lake ndani ya maji moto, isichemke, paka kidogo kwa brashi ya kuchorea, bana kwa kibanio cha nguo mpaka kesho yake. Imeisha.

Kusafisha ndio kazi itakayokupa hiyo shughuli unayotafuta, maana ni ya wiki nyingi. Vumbi kwanza, brashi laini mkono mmoja, mashine ya kuvuta vumbi mkono wa pili, mdomo wake umefunikwa na kipande cha neti ya mbu ili kijikamba kikichomoka usikipoteze. Halafu ule moshi ulioganda, na hapa usicheke, dawa ni mate. Kweli kabisa, hata wataalamu wa makumbusho wanatumia, mate yana kimeng'enya kinachovunja uchafu na ni laini kuliko sabuni yoyote. Sokota pamba kidogo kwenye kijiti cha mshikaki, lowesha ulimini, zungusha juu ya mbao bila kusugua, pamba ikichafuka tupa chukua nyingine, usiirudishe mdomoni jamani, na risasi nimeshakwambia. Malizia na pamba yenye maji ya distilled, yale ya betri yanayouzwa petrol station, lakini hakikisha ni maji na sio asidi kwa sababu chupa hufanana. Kabla ya yote jaribu sehemu iliyofichika chini karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, pamba ikitoka na rangi simama hapo hapo. Ukiona jicho limechorwa kando ya omo, lile duara, lipite mbali mpaka uwe umezoea mkono. Na kama pembeni juu kuna kipande cha mkeka kimeshonwa usidhani ni takataka, majahazi huwekewa mkeka ubavuni kuzuia maji ya mawimbi.

Tanga usitie Jik. Usilifue pia kwa sasa. Na usije ukatafuta kitambaa kipya ukakichovya kwa chai kiwe cha kizamani, hiyo ni ya watu wa maigizo, chai inaacha asidi na kitambaa kitaoza mapema. La kwako huenda ni marudufu au merikani, pamba tupu, na limekauka hivyo kwa jua na moshi. Palipopasuka lipigwe kiraka nyuma, pamba nyembamba, kwa uji mzito wa wanga wa ngano uliopikwa ukachujwa. Litabaki kahawia. Sawa, na wewe nywele zako zimebaki rangi gani?

Kamba, piga picha kwanza, kila fundo, kutoka pande nne, ufunge kijikaratasi chenye namba kwenye kila mwisho kabla hujagusa henza, kamba ya kupandishia tanga, wala demani, kamba ya kulivutia. Zilizokatika weka kwa bahasha usitupe. Uzi mpya uwe wa pamba au kitani, na huku mjini ukiuliza wa pamba unaweza ukapewa nailoni na kiapo juu, kwa hivyo choma ncha kwa kiberiti dukani hapo hapo, pamba inakuwa majivu na harufu ya karatasi, nailoni inayeyuka inakuwa shanga. Nailoni inang'aa na mafundo yake yanateleza.

Hukuniuliza kuhusu wadudu lakini nitasema, kwa sababu najua kuna atakayekushauri, na ataleta oil chafu. Hii nchi tumekuwa na imani na oil chafu kama maji ya baraka, mtu anaipaka kwa nguzo ya ua sawa, halafu anaona hiyo hiyo ipakwe kwa kinyago cha babu, kwa fremu, kwa ngoma. Mbao inakunywa, inakuwa nyeusi, inanuka gereji daima, rangi haitashika tena na gundi haitashika tena, na mdudu aliye ndani sana hata habari hana. Nimeshaletewa mitumbwi midogo miwili ya hivyo na zote nilirudisha bila kugusa. Mwingine anaambiwa mafuta ya taa, mwingine dizeli, mwingine ameona video kijana anamwagia kitu cha miaka mia moja asidi, kwa dakika nane kinang'aa, watu elfu ngapi wamebonyeza wamependa. Hakuna anayeonyesha hicho kitu miaka mitatu baadaye. Na wale wanaonunua vitu vya kale kwa bei ya kutupa wanapenda sana ukishapiga msasa, kwa sababu hapo watakwambia mzee hii umeiharibu, nikupe elfu moja nikusaidie, na hapo wana haki.

Kama kuna tundu, weka jahazi juu ya karatasi nyeupe wiki moja. Ukikuta unga mpya umedondoka kuna mdudu hai. Funga kila kitu kwa plastiki mara mbili, toa hewa, tepu, kisha friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, ile kubwa ya kulala, ongea na mtu wa samaki hapo sokoni. Ikitoka usifungue plastiki mpaka siku ya pili, umande ukae nje. Rangi ikiwa inabanduka usifanye hivi, niletee kwanza.

Ukipita Mombasa ingia Fort Jesus, au ukifika Lamu ingia makumbusho yao, uone jinsi vyombo vya huko vinavyokaa na jinsi kamba zinavyopita, na mafundi wa Matondoni, kijiji cha huko huko Lamu, bado wanajenga majahazi, hao ukiwaonyesha picha ya simu watakwambia kamba ipi imekosea njia haraka kuliko mimi. Lakini kabla ya safari, kabla ya mate hata, pekua albamu za nyumbani. Kama kuna picha yoyote ya baba na hilo jahazi nyuma yake, hata liwe limeonekana nusu, nitumie hiyo kwanza.